Watoto 84, vitabu 12: mwongozo wa kulifanya darasa lipende kusoma

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Darasa la Tatu nilimsimamisha mtoto mmoja atusomee ukurasa wa kitabu cha Kiswahili. Alisoma bila kukwama hata mara moja, sauti kali, mikono nyuma kama yuko mstarini asubuhi. Nikamsifu. Kisha, sijui kilichonituma, nikaweka kidole kwenye neno moja la katikati ya ukurasa nikamwomba anisomee hilo tu. Akanyamaza. Akarudi juu kabisa, akaanza upya kwa kunong'ona, akateremka mstari kwa mstari mpaka alipofika chini ya kidole changu, ndipo akasema kwa furaha: "Kisima!"

Alikuwa amekariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzake. Na kwa kweli alikuwa na akili kuliko mimi, maana aliona mapema kwamba nilichotaka pale ni sauti tu.

Madarasani kwetu mtoto husoma ili akaguliwe. Anayesoma vizuri hupigiwa makofi, anayekwama huchekwa, na kila mmoja anaondoka akijua kwamba kitabu ni mtego. Michezo ninayoieleza hapa nimeijaribu nikiwa na watoto 84 na vitabu vya hadithi 12, kwenye darasa lisilo na umeme. Yote imejengwa juu ya jambo moja: mtoto asome kwa sababu mle ndani kuna kitu anakitaka, iwe ni jibu la kitendawili, amri ya kuchekesha, au jina la aliyeiba maharage ya sungura.

Kwanza jua nani yuko wapi, kimyakimya

Tenga siku tano. Watoto 17 kwa siku, dakika moja na nusu kila mmoja, barazani au chini ya mti, wengine wakiwa na kazi ya kunakili darasani. Andaa karatasi moja yenye silabi kumi, maneno kumi, sentensi tatu, na hadithi fupi ya mistari sita au saba. Anza na silabi, panda ngazi mpaka atakapokwama. Kwenye hadithi uliza maswali mawili tu, na moja liwe la kufikiri: "Unadhani kwa nini mbuzi alikataa kuvuka?"

Utapata makundi manne: wa silabi, wa maneno, wa sentensi, na wa hadithi. Yaandike kwenye daftari lako na lisitoke hapo. Usiwapange darasani kwa makundi hayo, usiyape majina ya wanyama ukidhani watoto hawatajua. Ndani ya siku mbili wanajua kwamba "Kobe" ndio wasiojua kusoma.

Zingatia pia jambo hili la lugha yetu. Kiswahili kina bahati ya irabu tano zisizobadilika. Mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote. Hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu kutamka si kuelewa. Halafu maneno yetu ni marefu. "Hawatatusumbua" lina silabi saba: ha-wa-ta-tu-su-mbu-a. Mtoto anayechota silabi mojamoja, akifika "mbu" amekwisha sahau kwamba alianza na "ha", kwa hiyo hajui kama watatusumbua au hawatatusumbua. Hajakosa akili, amekosa kasi, na kasi huja kwa kusoma mengi. Kusoma mengi huja kwa kupenda. Basi turudi kwenye kupenda.

Vitoe vitabu kabatini

Shule nyingi nilizopita zina vitabu. Viko kabatini, kabati liko ofisini, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekwenda semina. Simlaumu mwalimu mkuu; vitabu ni mali ya shule, vikipotea anayeulizwa ni yeye. Njia iliyonisaidia ni kuomba vichache kwa muda maalumu: "Naomba hivi 12 kwa muhula huu, nasaini mimi." Mtu akishaona saini yako kwenye leja, mkono wake unalegea.

Darasani funga kamba ya katani ukutani, kutoka dirisha hadi dirisha. Iwe kwenye kimo cha kifua cha mtoto. Ukiiweka kwenye kimo chako umetengeneza pambo. Vitundike vitabu kwa vibanio vya nguo, jalada likitazama darasa, maana mtoto huchagua kitabu kwa picha ya mbele. Jioni viingie kwenye kiroba kinachoning'inizwa juu, kwa sababu panya nao ni wasomaji.

Chagua viranja wawili wa vitabu, na angalau mmoja wao atoke kwenye kundi la silabi. Nilisita nilipofanya hivyo mara ya kwanza. Mtoto yule, kwa kulazimika kutafuta majina ya vitabu na ya wenzake kwenye daftari la kuazima, alisoma majina 84 kila wiki bila mtu kumwambia kwamba hilo ni zoezi. Daftari lenyewe liwe na safu nne tu: jina, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha.

Kitabu kikichanika, gundi ya uji wa unga wa ngano inatosha. Wafundishe watoto kukoroga na kubandika. Kitabu alichokitibu mwenyewe hakitupi.

Kuongeza idadi, hadithi fupi za watoto za Kiswahili zinapatikana bure mtandaoni kwenye African Storybook na StoryWeaver, zikiwa na leseni inayoruhusu kuchapa na kugawa. Pakua kwenye simu, peleka steshenari, chapa nyeusi na nyeupe. Chagua zenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Nyingine zimeandikwa Kenya, kwa hiyo utakutana na neno "matatu" mahali ulipozoea "daladala". Usifute, waulize watoto wanadhani ni chombo gani. Swali hilo peke yake lilinipa mjadala wa dakika kumi.

Wasomee kila siku, dakika kumi

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Mtoto ambaye hajawahi kusikia kitabu kikisomwa vizuri hajui anachokitafuta mle ndani.

Soma hadithi nyumbani kwanza, kwa sauti, mara mbili. Amua fisi anaongea vipi na sungura anaongea vipi. Fisi wangu ana sauti nzito na puani kama ana mafua, na watoto huanza kucheka kabla hajasema kitu. Anza kwa wito wanaoujua: "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!" Watoto 84 wakijibu kwa pamoja, darasa linakuwa lako.

Tembea na kitabu kati ya madawati. Wa nyuma nao wana macho. Ukifika mahali penye picha, wape muda wa kuitazama kabla ya kusoma maandishi yake, kisha uliza, "Mnadhani kutatokea nini?" Pokea majibu matatu bila kusema lipi sahihi. Soma. Watajisahihisha wenyewe, kwa kelele.

Sasa kuna mambo mawili ambayo mimi nayashikilia ingawa walimu wenzangu wengine hawakubaliani nami. La kwanza: hadithi ikiisha, usiulize "Tumejifunza nini?" Najua tumelelewa hivyo, na andalio la somo linadai mafunzo. Weka swali hilo kwenye kipindi cha ufahamu, huko ndiko kwake. Mtoto aliyecheka mpaka machozi, ukimuuliza papo hapo amejifunza nini, umemgeuzia karamu kuwa hospitali.

La pili: katiza. Kengele ya mapumziko ikikaribia na fisi amenasa kichwa ndani ya chungu, funga kitabu. Watapiga kelele. Siku moja baada ya kufanya hivyo nilikuwa ofisini nakunywa chai, mlango ukabishwa. Msichana mmoja mdogo, wa kundi la maneno. "Shikamoo mwalimu. Eti fisi alitoka?" Nikamwambia sikumbuki vizuri, kitabu kiko kwenye kamba. Nilipochungulia dirishani baadaye alikuwa amezungukwa na watoto sita, yeye katikati, kidole kwenye mstari, wakimsaidia neno kwa neno. Hawakutoka nje kucheza mapumziko yale.

Vizibo vya soda

Mchezo huu ni wa wanaosuasua kwenye silabi, lakini cheza na darasa zima ili isijulikane ni wa nani. Kusanya vizibo vya soda. Mama lishe wa karibu na shule atakupa ndoo nzima. Kata viduara vya karatasi, andika silabi, bandika ndani ya kizibo. Ule mdomo wake unailinda karatasi isichubuke. Usipokuwa na gundi, andika kwa rangi ya kucha, inadumu zaidi.

Gawa darasa makundi 12 ya watoto saba. Kila kundi lipate vizibo vitano: ka, ta, ma, ba, li. Kazi: maneno mengi kadiri iwezekanavyo kwa dakika tano, kizibo kimoja kisirudiwe ndani ya neno moja. Nilipojaribu mwenyewe nilipata kata, kama, kaba, kali, taka, mali, bata, bali, kamata, makali, mabaka, tabaka. Hayo ni 12 kutoka vizibo vitano, na watoto wako watapata ambayo sikuyaona.

Sheria muhimu ni moja: neno linahesabiwa iwapo aliyelitunga anaweza kulitumia kwenye sentensi. Hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu kutakuwa na ubishi. Kundi moja liling'ang'ania "mabata" ni halali, maana yake bata wakubwa. Darasa likapiga kura. Wakashinda, na sentensi yao ilikuwa "Mabata ya babu yanauma watu."

Wiki inayofuata badilisha vizibo viwili tu. Ukibadilisha vyote, wa nyuma wanaanza upya sifuri. Silabi za mwambatano kama mbwa, nywe, ng'o na shwa ziingie polepole, moja kwa wiki.

Kwa sauti zinazogombana, tumia kuta mbili. Upande mmoja bandika KALAMU, mwingine KARAMU. Wewe unasema sentensi: "Mjomba ametualika kwenye…" na unaishia hapo. Wanakimbilia ukuta unaofaa. Kisha mahali na mahari, kula na kura, thamani na samani, dhana na zana. Watoto wengi wana lugha nyingine nyumbani ambayo haitenganishi l na r, kwa hiyo sikio lao halina kosa lolote, halijazoeshwa tu. Atakayecheka matamshi ya mwenzake atoke mchezoni raundi moja. Sheria hiyo itangaze kabla, na itekeleze hata kama aliyecheka ni kiranja wako mpendwa.

Soma, nyamaza, tenda

Kata maboksi ya biskuti uwe na kadi za ukubwa wa kiganja, kadi saba kwa kila kundi. Kwenye kila kadi andika amri:

Simama. Piga chafya mara tatu. Kaa.

Jifanye fundi cherehani ambaye uzi umemkatikia.

Tembea kama kuku aliyenyeshewa.

Nenda kwa mwalimu umwamkie kwa sauti ya bibi kizee.

Lia kidogo, kisha kumbuka kwamba leo ni sikukuu.

Kadi ziwekwe kifudifudi. Mtoto anaokota moja, anaisoma moyoni, anaificha, anatenda. Wenzake wanakisia kadi imesema nini. Wakipatia, ndipo anaisoma kwa sauti. Asiyeweza kusoma kadi yake anaruhusiwa kumchagua mnong'onezaji mmoja. Wala si aibu, ni sehemu ya mchezo, na hata wanaojua husoma na mnong'onezaji kwa kupenda tu.

Huu ndio mchezo wangu ninaoupenda, na sababu yake ni ya kialimu hasa. Kukariri hakusaidii hapa. Yule mtoto wa "kisima" asingeweza kunidanganya kwenye kadi hizi. Mwili unatoa jibu: kuku aliyenyeshewa hatembei kama kuku wa kawaida, na ukimwona mtoto amekunja mabega na kuinua miguu kwa taabu unajua ameelewa neno zima, pamoja na ile "-nyeshewa" mwishoni. Nimewahi kupoteza masomo mengi nikieleza kauli ya kutendewa ubaoni bila mafanikio ya aina hiyo.

Wiki ya tatu waache waandike kadi wenyewe. Zipitie kabla ya kuzitumia. Kundi moja liliandika "Mwige mwalimu mkuu akikagua kucha", na ilikuwa nzuri mno, lakini niliitoa.

Vitendawili vya kutafutana

Kwa darasa kubwa mchezo huu ni neema, maana wote wanacheza kwa wakati mmoja. Kwa watoto 84 andaa karatasi 42 za vitendawili na 42 za majibu. Kama huna 42 tofauti, rudia 14 mara tatu. Nusu ya darasa wanapata swali, nusu jibu:

Nyumba yangu haina mlango. (Yai)

Kuku wangu katagia mibani. (Nanasi)

Huku ng'o na huko ng'o. (Giza)

Popoo mbili zavuka mto. (Macho)

Ajenga ingawa hana mikono. (Ndege)

Kila niendapo ananifuata. (Kivuli)

Toka nao nje. Mwenye swali anamwendea mtu yeyote: "Kitendawili!" Anajibiwa "Tega!" Anasoma. Mwenye jibu anatazama karatasi yake aone kama linalingana. Wakipatana wanakaa chini pamoja. Wasipopatana, mwenye swali anaomba mji, anapewa Tabora au Lindi, anakwenda zake kumtafuta mwingine. Dakika kumi na tano na kila mtoto atakuwa amesoma karatasi yake mara nne au tano bila kuchoka. Jaribu wewe kumwambia mtoto asome sentensi ileile mara tano kwa amri uone uso wake.

Kitabu kilichovaliwa

Watoto huambiwa nyumbani kwao hakuna cha kusoma. Nani kasema? Kuna kanga. Kila kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi. Mpe mtoto kazi ya nyumbani: nakili jina la kanga moja, herufi kwa herufi, na umuulize mwenye nayo maana yake.

Faida moja hutaiona mpaka ujaribu: maandishi ya kanga kwa kawaida huwa kwa herufi kubwa, na watoto wengi waliojifunza herufi ndogo ubaoni hukwama kabisa kwenye herufi kubwa. Kanga huwazoesha bila somo jipya.

Kesho yake bandika zote ukutani. Nilipata JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, nikapata USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na mtoto mmoja alileta HASIDI HANA SABABU. Nikamuuliza kama alipata maana. Akasimama vizuri: "Mama anaivaa tukienda kuchota maji kwa jirani." Darasa zima lilielewa fumbo kwa sekunde moja. Baada ya siku hiyo nilijifunza kuuliza maana ya jumla tu, si ya nyumbani kwa mtu.

Baada ya kanga, endelea na maandishi ya nyuma ya daladala na bajaji, vibao vya maduka, pakiti za chumvi na majani ya chai. Wanaleta maneno matano kila Jumatatu. Baadhi yatakuwa yameandikwa vibaya na wachoraji wa vibao. Usiyatupe hayo, watoto hufurahi sana kumsahihisha mtu mzima.

Tungeni vitabu vyenu

Vitabu 12 vitaisha hamu ndani ya wiki sita. Hapo mnageuka waandishi.

Anza na hadithi ya pamoja. Uliza, "Jana mtaani kulitokea nini?" Chagua tukio moja. Sisi tulianza na mbuzi aliyeingia darasani akala daftari la mtoto. Wao wanasema, wewe unaandika ubaoni kama walivyosema, sentensi sita hadi nane. Rekebisha sarufi baadaye na kwa upole, mkisoma pamoja: "Hapa tuseme 'mbuzi alikula' au 'mbuzi ilikula'?" Kwa sababu maneno ni yao, hata mtoto wa silabi anaweza kuyasoma, anajua tayari kinachokuja, na jicho linajifunza kukutana na sikio.

Kisha kitabu cha karatasi moja, bila stepla wala uzi. Chukua A4. Ikunje katikati mara tatu, ukiifungua iwe na vyumba vinane. Sasa ikunje mara moja tu, ncha fupi kwa ncha fupi. Kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, uishie katikati ya karatasi iliyokunjwa. Ifungue: utaona mpasuko katikati. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume zikutane mpaka mpasuko ufunguke kama mdomo wa samaki, kisha laza. Una kitabu cha kurasa nane, jalada likiwemo. Jizoeze nyumbani mara tatu, maana ukikosea mbele yao utakuwa na vipande 84 vya karatasi na kelele.

Jalada liwe na kichwa, picha, na jina la mwandishi. Hilo la jina usiliache. Kitabu kilichokamilika kinatundikwa kwenye kamba ileile, sambamba na vile vya dukani, na kinaazimwa kwa daftari lilelile.

Ijumaa, kila mtu na chake

Dakika 15 za mwisho kabla ya kwenda nyumbani, kila mtoto achague chochote kwenye kamba, wawili kwa kitabu ikibidi. Wakae watakapo, hata chini. Na wewe soma. Si kusahihisha madaftari, kusoma. Gazeti, riwaya, chochote. Watakutazama kwa mshangao wiki mbili za kwanza, kisha watazoea.

Mtoto ana haki ya kukiacha kitabu kisichomvutia baada ya kurasa mbili akachukua kingine. Usimuulize muhtasari. Mwishoni swali liwe moja: "Nani amekutana na kitu cha kuchekesha?" Wawili au watatu wanasoma sentensi yao. Basi.

Nyumbani

Kila mtoto ana kadi yenye vyumba kumi. Akimsomea mtu, msikilizaji anaweka alama yoyote anayoiweza: saini, msalaba, dole gumba. Bibi asiyejua kusoma anafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu yeye huuliza "Halafu ikawaje?" na hamkatizi kwa kumsahihisha. Waeleze wazazi hivyo kwenye kikao, waziwazi. Wengi hukaa kimya kwa kudhani kusaidia kusoma ni kwa waliosoma.

Nilipokosea

Nilitoa zawadi ya penseli kwa aliyesoma vitabu vingi. Ndani ya wiki moja vitabu vyembamba vikawa vinagombaniwa, vinene vikabaki kwenye kamba, na vijana wawili waligundua kwamba daftari la kuazima halijui kama umesoma. Nikaacha. Siku hizi zawadi ni kuchagua hadithi nitakayosoma kesho.

Pia niliwahi kumpa mtoto mtundu adhabu ya kusoma peke yake wakati wenzake wanacheza. Usifanye hivyo hata siku moja, hata ukiwa na hasira.

Kuipanga wiki

Kipindi ni kifupi, na mtihani unakusubiri. Hakuna anayeweza kucheza kutwa. Kusoma kwa sauti ni kila siku, dakika kumi, baada ya mahudhurio. Maandishi ya mtaani Jumatatu, vizibo Jumanne, kadi za kutenda Jumatano, utunzi Alhamisi ndani ya kipindi cha kuandika, kusoma binafsi Ijumaa. Vitendawili ni vya siku ambayo watoto wamechoka au mvua imekatika na uwanja umekauka. Usianzishe yote wiki moja. Anza na kusoma kwa sauti na kamba, kaa nayo wiki mbili, kisha ongeza mchezo mmoja mmoja.

Baada ya wiki nane rudia ule upimaji wa barazani kwa karatasi mpya ya ugumu uleule, ulinganishe na daftari lako. Tazama pia daftari la kuazima, maana linasema mengi: nani hajaazima kabisa, kitabu gani kimechukuliwa na watu thelathini, kipi hakijaguswa. Kisichoguswa kirudishe ofisini ubadilishiwe.

Na vitabu vitapotea au kuharibika, hilo lipokee mapema. Mwisho wa muhula ule nilirudisha 11 kati ya 12. Cha kumi na mbili kilifika baada ya likizo, kimefunikwa gazeti, kikiwa na karatasi moja iliyochanwa na mdogo wa mtoto aliyekiazima. Badala yake palibandikwa kwa uji karatasi ya daftari, na juu yake mtoto alikuwa ameandika upya kurasa zote mbili zilizokosekana, kwa kumbukumbu, pamoja na picha ya fisi. Nililinganisha na nakala ya darasa jingine. Alikosea neno moja. Mwalimu mkuu alishika kalamu juu ya leja akaniuliza aandike nini, kimeharibika au kimepotea. Tukaandika "kipo".